Watu Sita Basi

Nilibandika karatasi kwenye mlango wa duka, Jadida, Wete,
kwa mwandiko wangu mwenyewe:
Alhamisi baada ya Isha. Watu sita basi.
Anayetaka kufikiri na wenziwe, aje.
Kaka yangu Hamad akaisoma, akacheka hadi kikohozi:
"Kwani mtu hufikiri kwa miadi?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimechoka na barza,
ile ya kona, mnaijua,
mwenye sauti ndiye mwenye haki
na hoja hufa mpira ukianza.
Mimi hupita pale kwa "hamjambo",
nikaokota nusu ya neno,
nikaenda kulimalizia jikoni, peke yangu.

Alhamisi ya kwanza, mvua. Umeme ukakatika.
Nimetandika mkeka kati ya maboksi ya madaftari,
nimechemsha tangawizi birika zima,
akaja Faki Shoka tu,
naye kaja kuuliza kama nina mishumaa.

"Ninayo," nikamwambia. "Kaa."
Akakaa upande, kama mtu mwenye safari.
Nikamuuliza lililokuwa likinila:
ahadi uliyompa mtu, naye akafa,
bado ni deni, au imezikwa naye?
(Mama aliniachia mikarafuu minane na neno moja.
Hilo sikumwambia.)

Faki alinyamaza mpaka mshumaa ukaota mdomo.
Vidole vyake vilinukia makonyo.
"Inategemea," akasema, "uliahidi nini."
Akanywa. Akaweka kikombe.
"Hapana. Nimekosea. Haitegemei."

Hapo nikajua tumeanza.

Wiki ya tano tulikuwa watano:
Kazija wa maabara ya hospitali;
Maalim Mbarouk, mstaafu wa hesabu,
husema "kwa hivyo" kabla hajasema kitu;
na Raya, wa skuli bado, aliyekuja kununua rula
akasahau kuondoka.
Tulitunga kanuni moja:
kabla hujampinga mtu, yarejee maneno yake
mpaka mwenyewe aseme, "Ndiyo, hayo."

Wallahi ni kazi.
Mara nne Maalim alijaribu kurejea ya Raya,
mara nne akarejea yake.
Ya tano akavua miwani:
"Mwanangu, hebu sema tena.
Nilikuwa sikusikilizi. Nilikuwa nasubiri."

Kisha akaja sheha, kasimama kizingitini.
"Nasikia mna mkutano."
"Maongezi, sheha."
"Ya chama gani?"
"Hayana chama."
"Basi mnafanya nini?"
"Tunauliza."
"Mnamuuliza nani?"
"Tunaulizana."
Akaliandika kwenye kijitabu chake, *wanaulizana*,
akalitazama kama chenji isiyotimia.
Kazija akamsogezea kikombe: hakukataa, hakukaa.
Raya, mtoto hana woga, akamtwika swali letu,
la maiti na deni.
Sheha akasema lala salama.

Hatujalijibu hadi leo. Tumepita kwengine,
kama uongo wa huruma una dhambi,
kama waweza kumsamehe asiyeomba.
Maalim na Kazija walinuniana wiki mbili
kwa ajili ya neno "haki",
kisha kila mmoja akaja na kashata zake.
Faki hukosa msimu mzima wa karafuu,
akirudi huuliza, "Mmefika wapi?"
"Pale pale," humwambia. "Ila sasa tunapajua."

Na Hamad bado ananitaka sahihi ya kuuzia shamba.
Bado hacheki vile alivyocheka.

Jana mchana, jua la utosi, sheha kanunua biro mbili.
Kahesabu chenji, kafika mlangoni, karudi.
"Deni halifi," akasema. "Hilo nina hakika nalo.
Linalonikosesha usingizi ni jengine:
nani sasa analipokea?"

Nikamwonyesha karatasi. Imepauka, gundi imeachia pembe moja.
Watu sita. Imebaki nafasi moja.

Akasema hana wakati, ana kazi za serikali.
Akauliza kama mkeka unatosha.